Umeshtakiwa kesi ya madai na utaratibu haukufuatwa: aanzie wapi mdaiwa

Kasoro ya mdai haikulindi ukikaa kimya. Wengi Mombasa hupoteza kesi zenye matundu kwa kungoja zianguke zenyewe.

1. Samansi, yaani wito wa mahakama, kwanza. Kabla ya kusoma madai, tazama tarehe ya samansi (uhai wake ni miezi 12 isipoongezwa), mahakama iliyoitoa na siku ulizopewa kufika, ambazo haziwi chini ya 10. Papo hapo andika imekufikia lini, saa ngapi na mkononi mwa nani.

2. Ingia kesini. Wasilisha hati ya kufika, karatasi ya kuijulisha mahakama kwamba unaijibu kesi. Kama unapinga mamlaka ya mahakama, litaje humo na ulipeleke pingamizi mapema. Kisha una siku 14 za utetezi, pamoja na orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa saini na nakala za vielelezo. Kati ya 21 Desemba na 13 Januari siku hazihesabiwi, ila mahakama iamuru vingine.

3. Chuja kasoro. Hapa ndipo penye kazi. Jina lililokosewa herufi au mtu aliyesahauliwa kushtakiwa, hayo hurekebishwa, na ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawataka mahakimu wasizame katika ufundi wa taratibu. Hata kiapo cha kuthibitisha madai kikikosekana, hakimu aweza kuifuta kesi, lakini mara nyingi humpa mdai nafasi ya kukileta. Ukizijaza hoja za namna hiyo, ile yenye uzito hufunikwa.

Zinazoua kesi ni chache: shauri lilishaamuliwa baina yenu, muda umepita (miaka 6 kwa mkataba, 3 kwa madhara kama ya ajali, miezi 12 kwa kashfa), au mahakama haina mamlaka. Tangu uamuzi wa meli Lillian S, 1989, mahakama isiyo na mamlaka haiendelei hata hatua moja.

Hoja hizo hupelekwa kama pingamizi la awali, mradi ziwe za sheria tupu. Mpaka umo katika kesi ya Mukisa Biscuit ya 1969: ikibidi kutafuta ushahidi, si pingamizi la awali tena. "Sikupewa samansi" ni dai la ushahidi. Lipeleke kwa maombi yenye hati ya kiapo.

4. Hukumu imeshatoka bila wewe? Omba itenguliwe, na katika maombi yayo hayo uombe utekelezaji usimamishwe. Kama samansi haikukufikia kihalali, kutenguliwa ni haki yako. Kama ilifika ukachelewa, unategemea hiari ya hakimu: eleza sababu, ambatanisha rasimu ya utetezi wenye hoja, na ujue huenda ukaamriwa kuweka pesa mahakamani.

Maswali

*Samansi iliachiwa bawabu wa jengo, Nyali. Yahesabika?*
Bawabu si wakala wako wala si mtu mzima wa familia anayeishi nawe. Pata nakala ya kiapo cha aliyeipeleka, kisha omba aitwe ahojiwe: saa ngapi, mlango upi, nani alikutambulisha.

*Mimi nimetumiwa kwa WhatsApp.*
Tangu marekebisho ya 2020 inakubalika, kwa namba yako ya mwisho inayojulikana na kutumika, na lazima kiapo kiwe na uthibitisho kwamba ujumbe ulifika. Laini uliyoiacha zamani ni hoja. Ukiwa umeufungua, anza kuhesabu siku.

*Dalali wa mahakama ameandika friji na makochi ayauze, katupatia siku 7!*
Nenda mahakamani leo, kwa cheti cha dharura, hati ya kuomba usikilizwe haraka. Hukumu ya kutofika hutaka upewe notisi angalau siku 10 kabla ya utekelezaji. Kagua faili kama ilitolewa. Vitu usivihamishe, dada, utajiongezea kesi.

*Mdai kanyamaza mwaka mzima.*
Mwaka 1 bila hatua yoyote watosha kuomba kesi ifutwe. Hakikisha tu kwamba wewe mwenyewe hukuomba kuahirisha.