Transfoma imevuja mtaani kwenu? Soma kabla hujashika koleo

Watu wakiona mafuta yamemwagika chini ya transfoma wanakimbilia koleo na mchanga, jamani subirini kwanza. Inayovuja inaweza kuwa bado ina umeme, pigieni shirika la umeme waje wazime, watoto na kuku wakae mbali.

Halafu, na hapa ndo pagumu, mjue ni mafuta gani. Transfoma za zamani, hasa za kabla ya miaka ya 1980, zinaweza kuwa na PCB, kemikali yenye sumu iliyoanza kutengenezwa viwandani 1929 na kupendwa kwa kuwa haishiki moto kirahisi, Marekani wakaja kuipiga marufuku 1979. Kwa macho huwezi kuitambua. Na msijipe moyo eti yenu ni mpya, kama fundi aliwahi kuiongezea mafuta yaliyotoka kwenye ya zamani basi na yenyewe imeshachafuka. Sampuli iende maabara, PCB ikizidi miligramu 50 kwa kilo ya mafuta hiyo ni taka ya PCB kwa kipimo cha Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza, na mamlaka ya mazingira lazima wajue, kwa Tanzania ni NEMC, Kenya ni NEMA.

Mkisubiri majibu zungusheni tuta la mchanga au maranda mafuta yasifike mtaroni, funikeni turubai mvua isije ikayasambaza. Msimwagie maji wala sabuni! PCB haiyeyuki kwenye maji, inang'ang'ania udongo miaka na miaka, kuku anadonoa pale, inaingia kwenye yai, mama anakula, inakaa kwenye mafuta ya mwili wake na mtoto anainyonya. Hili linaniuma sana, maana kuna watu wanaiba haya mafuta na kuyauza ya kukaangia chipsi.

Vya kuandaa: gambuti, glovu zisizopitisha mafuta, mapipa ya chuma yenye mfuniko na maandishi ya hatari. Ila kabla ya kuchimba ulizeni udongo utapelekwa wapi, kama hakuna jibu msichimbe, na kuuchoma wenyewe ndo kabisa msijaribu, moto wa kawaida unatoa dayoksini, sumu kali sana, hizo taka zinataka tanuru maalumu la zaidi ya nyuzi 1,100.

Mkishachimba, pimeni tena udongo wa chini na wa pembeni. Shimo lisifukiwe mpaka majibu hayo ya pili yatoke.