Namna ya Kupima Miruko ya Macho kwa Kalamu Mbili

Macho yanapohama kutoka kitu kimoja hadi kingine hayatelezi, bali huruka. Mruko wa kawaida huanza takriban milisekunde 200 baada ya kitu kutokea, na huisha kabla anayekutazama hajawahi kuuona ukipita. Tabibu wa zahanati ya Ujiji au Uvinza asiye na mashine yoyote anaweza kuuchunguza kwa kalamu mbili, mradi aelewe mchango wa ganglia za msingi, yaani viini vya kijivu vilivyozama ndani ya ubongo.

Miongoni mwa viini hivyo imo substansia nigra, ambayo seli zake za sehemu ya retikulata hazipumziki: hutoa ishara makumi ya mara kwa sekunde, na kwa kemikali iitwayo GABA huizuia kolikulasi ya juu, kituo cha shina la ubongo kinachoamuru mruko. Hali hiyo inafanana na ya lori lililoegeshwa kwenye mteremko wa Mwanga unaoshuka kuelekea stesheni ya Kigoma: halingoji kusukumwa, linangoja breki iachiwe. Gamba la mbele la ubongo likitaka macho yaende mahali fulani huamsha kaudeti, kiini kingine cha ganglia hizo, kaudeti huinyamazisha substansia nigra kwa kitambo kidogo, na kolikulasi hupata nafasi ya kutoa amri. Watafiti Hikosaka na Wurtz walionyesha kwa kima, mwaka 1983, jinsi substansia nigra inavyoizuia na kuiachia kolikulasi. Njia nyingine, inayopitia kiini cha sabthalamasi, huongeza kizuizi, na dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, ndiyo inayoweka uwiano kati ya njia hizo mbili.

Kinachofuata hapo ni muhimu kuliko yote: mruko wa kujiamulia hutegemea ganglia za msingi zaidi kuliko mruko unaovutwa na kitu kilichojitokeza ghafla. Anayepima mmoja na kuuacha mwingine amefanya nusu ya kazi.

Mkalishe mgonjwa mkabala nawe, umbali wa sentimita 60 hivi, na uhakikishe kwanza kwamba anaziona kalamu zote mbili, maana mwenye mtoto wa jicho hukosea kwa sababu isiyohusu ubongo. Shika kalamu nyekundu sentimita 20 upande mmoja wa pua yake na ya bluu upande wa pili, kisha umweleze: “Shikamoo, baba. Kichwa kitulie, yaende macho tu. Nikisema nyekundu, itazame nyekundu. Nikisema bluu, itazame bluu.” Usizitikise kalamu, na usitoe amri kwa mwendo ulio sawa, la sivyo atazitangulia. Macho yenye afya hufika kwa mruko mmoja, pengine na kimruko kidogo cha kusahihisha. Katika ugonjwa wa Parkinson, unaopunguza dopamini na kuufanya mwili uwe mzito, hupungukiwa njiani, yakafika kwa hatua mbili tatu fupi. Katika ugonjwa wa Huntington, wa kurithi na unaoharibu kaudeti, tatizo ni kuanza, hivyo mgonjwa hupepesa au hutupa kichwa ili macho yang’oke.

Sasa weka kalamu chini, inua vidole viwili na uchezeshe kimoja bila kusema neno. Mgonjwa wa Parkinson mara nyingi hufanya vizuri zaidi hapa, na tofauti hiyo ndiyo ya kuandikwa. Kisha mwambie atazame kidole kisichocheza. Hata mzima huteleza mara moja moja akajisahihisha, lakini anayevutwa kila mara ana udhaifu wa kujizuia, ambao unaweza pia kutoka kwenye gamba la mbele.

Rudia kwa wima, tena kwa utulivu. Wazee wengi hupungukiwa na kutazama juu bila ugonjwa wowote, kwa hiyo upande wa chini ndio wenye habari. Mwinulie kope ili uone. Ukiweza kuyafuata macho yakisafiri, mruko huo ni wa polepole, na mwenye dalili hiyo ambaye pia huanguka ovyo afikiriwe kuwa na PSP (progressive supranuclear palsy), ugonjwa wa ubongo ulioelezwa na Steele, Richardson na Olszewski mwaka 1964.

Uliza dawa kabla ya kuhukumu. Haloperidoli na metoklopramidi huzuia dopamini, ilhali diazepamu na fenobabitoni hupunguza kasi ya macho. Mvuvi aliyekesha ziwani na karabai zake apimwe siku nyingine, akiwa ameshapata usingizi wa kutosha. Katika barua ya rufaa usiandike “macho si ya kawaida”, andika: “Kwa amri, hatua tatu kwenda kulia na kushoto; kwa kidole, mruko mmoja; chini, kasi ya kawaida; hatumii haloperidoli.”