Kuonyesha seli zikivuna nishati kwa hamira na puto

Chukua chupa 2 za plastiki za nusu lita. Katika kila moja tia mililita 200 za maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, na kijiko kidogo cha hamira kavu, ambayo ni seli hai za kuvu. Ya kwanza iongeze vijiko vikubwa 2 vya sukari. Ya pili iache hivyo, ni ya kulinganishia. Tikisa, kisha ivike kila chupa puto ulilolivutavuta kwanza lilegee.

Baada ya dakika 20 hadi 30 povu hupanda na puto la chupa yenye sukari husimama. Lisiposimama, mara nyingi maji yalikuwa ya moto mno: vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, vimeharibika, na kuyapoza hakuvirudishi. Asubuhi za Goma zina baridi, basi weka chupa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

Gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi, ile ile inayojikusanya kwenye mazuku, yaani sehemu za bondeni karibu na Goma zenye gesi ya kuua. Oksijeni ikiisha chupani, seli huchachusha sukari na kupata ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) 2 tu kwa kila molekuli ya glukosi, yaani sukari sahili; oksijeni ikiwepo, kwa msaada wa mitokondria, sehemu za seli zinazotumia oksijeni kutoa nishati, hupata takriban 30. Mwanafunzi akiandika kwamba seli "huumba" nishati, msahihishe: huitoa kwenye sukari na kuihamishia kwenye ATP.