Somo la wamama: ndevu za kidevuni baada ya hedhi kukoma

Mama yangu alipopooza upande wa kuume, jambo la kwanza aliloniomba kwa ule mdomo uliopinda halikuwa chakula wala sala. Aliinua mkono wa kushoto, akagusa kidevu, kisha akatazama mlangoni. Wamama wa kanisa walikuwa njiani kuja kumwona. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiamka kabla yetu sote, akikaa dirishani na kioo chake na kuzing'oa moja moja, na sisi watoto wake hatukujua. Tangu siku ile mpaka alipofariki, kidevu chake kilikuwa kazi yangu.

Sasa nina miaka 61 na zangu zimeota. Wamama wa chama chetu cha akiba hapa Kadutu, Bukavu, waliniomba niwaonyeshe ninavyofanya. Niliyowaonyesha ni haya, na maswali yao nimeyaweka mwishoni.

Kwanza mjue zinakotoka. Kila mwanamke ana homoni za kike na pia kiasi kidogo cha zile za kiume. Hedhi ikikoma, za kike hushuka sana, lakini za kiume hupungua polepole. Mizani ikishalala upande huo, malaika laini ya kidevuni na juu ya mdomo huanza kugeuka nywele nene, ngumu, zenye rangi. Ni umri. Hakuna aliyekuroga, na wewe hukumkosea mtu.

Hatua ya kwanza: tazama unachopaka usoni. Nimeianza hii kabla ya wembe kwa sababu ndiyo inayotuponza sana hapa kwetu. Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa sokoni zina dawa kali za jamii ya steroidi. Geuza tyubu, usome yale maandishi madogo: ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa ya munganga (daktari), si mafuta ya kujipamba. Ukiipaka usoni miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, vimishipa vyekundu vinaonekana, na nywele zinaota pale pale unapopaka. Nimeona mama anang'oa ndevu asubuhi na jioni anapaka kinachoziotesha. Lakini kama umeipaka kwa muda mrefu, usiiache kwa siku moja, maana uso unaweza kuwaka na kuvimba. Nenda kwa munganga wa ngozi akupunguzie kidogo kidogo.

Hatua ya pili: vifaa. Pensi ndogo ya kung'olea nywele, yenye ncha iliyokatwa kimshazari, inayobana vizuri. Kioo kinachokuza. Pamba, alkoli ya farmasia, kitambaa safi, maji ya moto. Na wembe wako mwenyewe, usioguswa na mtu mwingine nyumbani, hata mume, hata binti. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, na tone la damu usiloliona kwa macho linatosha kuvibeba. Pensi nayo usiazimishe.

Mwanga ni kifaa pia. Macho yetu hayaoni tena karibu, na usiku SNEL, kampuni ya umeme ya Kongo, inaweza kukata umeme ukiwa katikati ya kazi. Kaa dirishani asubuhi, jua likishapanda juu ya vilima, vaa miwani ya kusomea, egemeza kiwiko mezani ili mkono usitetemeke. Pitisha kidole kidevuni kutoka chini kwenda juu. Kidole kinazipata zile ambazo jicho limezikosa.

Hatua ya tatu: kama ni chache, ng'oa. Weka kitambaa cha maji ya moto kidevuni kwa dakika tatu au nne, ngozi ilegee. Futa pensi kwa alkoli. Shika nywele moja tu, karibu kabisa na ngozi, uivute kuelekea upande inakolalia. Ukiivuta kinyume, inakatikia ndani, na hapo taabu inaanza, kwa sababu nywele zetu zimejikunja: kipande kilichobaki kinarudi chini ya ngozi badala ya kutoka, kinafanya kipele, kipele kinaacha doa jeusi linalokaa miezi. Madoa mengi ninayoyaona kwenye videvu vya wamama yametokana na mikono yetu wenyewe iliyokuwa na haraka. Ng'oa tano, pumzika, endelea.

Hatua ya nne: kama ni nyingi, nyoa. Najua wengi wenu mnauogopa wembe. Mimi naupendekeza, hasa kwa ngozi nyembamba ya uzeeni. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu, paka povu la sabuni laini, chukua wembe wa makali moja ulio mpya, upitishe polepole kufuata upande wa nywele. Usiivute ngozi kwa mkono wa pili, na usirudie mahali pamoja mara tatu nne ukitaka kidevu kiteleze kama yai. Nywele ikikatwa chini mno, inajikunja na kuingia ndani. Ikibaki kidogo sana, haionekani na haikuumizi. Malizia kwa maji baridi na mafuta yasiyo na manukato.

Kuna wanaotumia uzi wa cherehani, na mwenye mkono mzuri anaufanya vizuri kabisa, hasa juu ya mdomo. Mwombe abadilishe uzi kwa kila mtu na anawe mikono.

Sukari ya kuchemsha (vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji ya limau, robo ya maji, mpaka igeuke rangi ya asali) ni nzuri kwa miguu ya mabinti. Kwa uso wa mama mzee siipendi. Ikitoka kwenye mbabula (jiko la makaa) ikiwa bado moto inaunguza, na kwa aliyejichubua inaweza kuondoka na ngozi.

Krimu za kuyeyusha nywele zina harufu kali na zinawasha. Ukitaka kuzijaribu, nunua iliyoandikwa kwamba ni ya uso, paka kidogo ndani ya mkono, usubiri siku nzima.

Hatua ya tano: kipele kikitoka, usikichokoe kwa sindano. Acha kunyoa na kung'oa mahali hapo mpaka patulie, hata kama ni wiki kadhaa. Kitambaa cha uvuguvugu asubuhi na jioni kinatosha mara nyingi. Mwenye kisukari asingoje: kidonda kikivimba au kutoa usaha, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ipo pia dawa ya kupaka inayopunguza kasi ya kuota, iitwayo eflornithine, na historia yake inatuhusu sisi Wakongo. Kabla ya kuwa krimu ya uso, ilikuwa dawa ya kudungwa kwenye mshipa kwa wagonjwa wa malale, ugonjwa ambao nchi yetu imeubeba kuliko nchi nyingine yoyote. Marekani iliiidhinisha kwa malale mwaka 1990, na krimu ya ndevu za wanawake ikafuata mwaka 2000. Haing'oi nywele. Unaendelea kunyoa, ila zinakawia. Inahitaji wiki nane hivi kuonyesha kazi yake, na ukiiacha, nywele zinarudi kama zamani.

Sasa lile ambalo sitaki mtu alipite. Ndevu za umri huja taratibu, miaka kwa miaka. Zikija kwa kasi, ndani ya miezi michache, na sauti ikawa nzito, au nywele za kichwani zikaanza kutoka kama za mwanaume mwenye upara, au zikaota kifuani na mgongoni, au uso ukawa wa mviringo na mwili unapata michubuko ovyo, wacha pensi uende hospitali. Inaweza kuwa uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi iliyo juu ya figo. Munganga atapima homoni za damu na kukuangalia tumboni kwa ekografi, ile mashine ya picha wanayotumia pia kwa wajawazito. Usimfiche chochote, hata krimu unazopaka.

Maswali

*Mama wa Bagira: Ni kweli ukinyoa zinarudi nene zaidi?*

Si kweli, mama. Nywele ambayo haijakatwa ina ncha nyembamba. Ukiikata, inabaki na ncha butu, ndiyo maana kidole kinaiona ngumu. Mzizi uko chini ya ngozi, wembe haufiki huko.

*Mama wa Nguba: Mtoto wangu yuko Ubelgiji, anataka kunilipia leza. Zangu nyingi zimekwisha kuwa nyeupe.*

Mzuieni kwanza asilipe. Leza ni mwanga mkali unaochoma shina la nywele, na inatafuta rangi nyeusi ya nywele. Nyeupe haiioni. Kwa nyeupe kuna njia ya umeme, sindano nyembamba inayoingia kwenye kila shina, moja moja, kwa vikao vingi. Na kwa zile zilizobaki nyeusi, aulize kama wana leza ya Nd:YAG, ambayo ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Nyingine zinaweza kutuunguza na kutuachia madoa.

*Mama wa Panzi: Nakunywa dawa za kifafa. Nywele zilianza baada ya hapo.*

Inawezekana kabisa, kwa sababu mojawapo ya dawa hizo, phenytoin, inajulikana kuotesha nywele. Lakini nakusihi, usiiache wala usipunguze vidonge kwa shauri lako. Kifafa kikirudi ukiwa kwenye mbabula, ni kifo. Mweleze aliyekuandikia, aone kama kuna nyingine inayokufaa.

*Mama wa Kadutu: Nina moja kwenye kidutu cha kuzaliwa.*

Ikate kwa mkasi mdogo, usiing'oe. Kidutu kikibadilika ukubwa, rangi au kikitoa damu, kionyeshe kwa munganga.

*Dada wa Cimpunda: Watoto wa jirani wanasema mama yangu ni mulozi (mchawi) kwa sababu ya ndevu. Sasa hatoki nje.*

Dada yangu, swali hili limeniumiza. Hapa kwetu neno hilo si matani. Kuna wamama wazee wamepigwa na kufukuzwa kwa sababu yake. Usiwaachie watoto peke yao. Nenda kwa wazazi wao, ukiwa na mtu wanayemheshimu, mkuu wa avenue (mtaa) au mchungaji, umweleze kila mmoja kwamba hata mama yake mwenyewe anaweza kuota ndevu akiishi miaka hiyo. Kuhusu kumnyoa, muulize yeye anataka nini. Akitaka, mnyoe. Asipotaka, ndevu zake ni zake, na toka naye mkishikana mikono mpaka sokoni.

*Mwana wa mama mgonjwa, Ibanda: Mama yangu amekuwa na usahaulifu. Nikimkaribia na wembe anapiga kelele.*

Wacha wembe. Hakuutambua, ameona mtu anamletea makali shingoni. Mimi kwa mama yangu nilitumia pensi peke yake, baada ya kumwogesha, wakati mwili umepata joto na moyo umetulia. Nilikaa upande wake usiopooza ili auone mkono wangu unakotoka. Kila mara nilimpa pensi aishike kwanza. Nywele tatu tu, kisha nampaka mafuta, tunaacha mpaka kesho.

Na sisi tulio na akili bado, tumchague mapema mtu wa kutufanyia. Mimi nimemwambia mjukuu wangu mkubwa wa kike. Pensi iko kwenye kikopo cha maziwa, juu ya kabati, upande wa dirisha.