Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kusoma Harbin

Kila mwaka nakutana na kijana aliyepata ufadhili wa kusoma Harbin, naye ananiambia, "Baridi naijua, nimesoma Mbeya." Mdogo wangu, ya Mbeya iache Mbeya. Harbin ni makao makuu ya jimbo la Heilongjiang, kaskazini mashariki mwa China, na baridi yake inashuka moja kwa moja kutoka Siberia. Wastani wa Januari ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na usiku mwingine hupita 30.

Nguo: jaketi la manyoya ya bata na buti za soli nene nunua huko huko. Septemba kuna joto zuri, lisikudanganye, nunua mapema.

Pasi ya kusafiria: ukipanga nje ya bweni, jiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Chakula: wanaokula halali watafute maandishi 清真, yaani qingzhen, mlangoni mwa mgahawa. Waislamu wapo Harbin miaka mingi, hutalala njaa.

Sasa simu. Hapa nisikilize vizuri. Desemba ya mwaka wangu wa kwanza nilikwenda peke yangu mto Songhua kuona wanavyokata mabonge ya barafu ya kujengea majumba ya tamasha la Januari. Simu ilikuwa mkononi, napiga picha, chaji zaidi ya nusu. Ikazima. Betri ikipigwa na baridi kali hushindwa kutoa umeme hata kama chaji imo. Na humo ndimo zilimokuwa ramani, kamusi, pesa zangu zote na anwani ya bweni. Mfukoni sikuwa na noti hata moja, kwa kuwa kule karibu kila kitu hulipwa kwa simu.

Giza nalo halikungoja. China nzima hufuata saa ya Beijing, na Harbin iko mashariki mno, kwa hiyo Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Nilisimamisha teksi, nikataja chuo, dereva hakunielewa, akaondoka. Wa pili vilevile. Vidole viliuma sana, kisha vikaacha kuuma. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Aliyeniokoa ni mama muuza viazi vitamu vya kuchoma: alinivuta mkono, akanisogeza kwenye pipa lake la moto, akanikabidhi kiazi nikishike. Simu niliiweka kwapani mpaka ikapata joto na kuwaka. Yule mama namwombea mpaka leo.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka nyumbani, omba chuo anwani kwa herufi za Kichina, iandike kwenye karatasi, ikae kwenye pochi pamoja na yuani 200 taslimu. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Chumbani ni joto, mabomba ya jiji ya kupasha nyumba joto huwashwa kuanzia Oktoba hadi Aprili, ila hewa hukauka mpaka pua zinatoka damu. Anika taulo bichi, beba mafuta ya mgando. Usitoke na nywele mbichi. Chuma usikishike kwa mkono mtupu. Na Machi ikifika, usikanyage barafu ya mto hata ukiona nyayo za wengine.