Namna ya Kuishi na Wakwe Wanaoidharau Asili Yako

Dharau ya wakwe mara nyingi huja kwa masimango: wifi anayekuuliza mbele ya wageni kama kwenu mlikuwa na umeme, au kanga yenye maneno ya kuchoma inayovaliwa siku unayofika. Kabla hujajibu, pima kama ni dharau kweli. Mama mkwe wa Tanga anayekusahihisha unavyopika wali wa nazi, wewe uliyekulia Kagera kwenye ndizi, huenda anakufundisha tu, na inafaa umpokee. Anayesema kwamba watu wa kwenu hawajui hata kupika, huyo anakudharau.

Jambo la dharau mpelekee mwenzi wako, mkiwa faragha na nyoyo zikiwa zimetulia, ukimtajia maneno yaliyosemwa, aliyeyasema na waliokuwepo. Ukimwambia kwamba ndugu zake hawakupendi, atawatetea, kwa sababu umewalaumu wote kwa pamoja. Ukimweleza tukio moja, atakuwa na jambo la kushughulikia. Kisha mkubaliane kwamba atakayezungumza na jamaa zake ni yeye, na hapa ndipo ninapoweka uzito wote. "Mama, ukimsema mke wangu hivyo, unanisema mimi niliyemchagua" ni maneno ambayo mama huweza kuyapokea kutoka kwa mwanawe, lakini mkwe akisema jambo kama hilo, ukoo mzima utasimuliwa utovu wake wa adabu. Mwenzi anayekataa kabisa kulisema amekuacha peke yako, na mazungumzo yenu ya kwanza yawe juu ya hilo.

Kwa upande wako, usikate shikamoo, usikose misiba, na mgonjwa wao mjulie hali, kwani katika kila ukoo wapo shangazi na wazee wanaotazama kimya, na hao ndio watakaokutetea usipokuwepo. Ukirushiwa kijembe hadharani, sema kwa sauti ya kawaida, "Mama, neno hilo limeniumiza," kisha unyamaze. Usirudishe fumbo kwa fumbo.

Usikope fedha za kikoba ili uonekane unazo. Wala usiwafiche wazazi wako: waalike kwenye shughuli zenu, wakae mbele pamoja na wakwe, na watambulishwe kwa kazi zao, hata kama mama alikusomesha kwa kuuza vitumbua.

Wapo wakwe wanaomsimanga mkwe wa kiume kwa mahari aliyobakiza. Rudini kwa mshenga, muandikiane kilichosalia na lini kitalipwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa iliyotimiza masharti yake hata kama mila za mahari hazikukamilishwa, hivyo asikutishe mtu kwamba huna ndoa. Mwanamke naye huambiwa kwamba alikuja mikono mitupu na nyumba si yake. Ajue kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Maneno hayo yakianza kuwagombanisha ninyi wawili na wazee wakashindwa kuwapatanisha, nendeni kwenye baraza la usuluhishi la kata yenu mapema, kabla yeyote hajafungasha mizigo.