Mashindano yako ya kwanza ya redio ya kimataifa, hatua kwa hatua

Kwenye redio ya ridhaa, yaani ya watu binafsi wanaowasiliana kwa kupenda tu, mwenye redio ya wati 100 na antena ya waya hawezi kuwashinda wenye minara, lakini ndani ya wikiendi moja ya mashindano anaweza kuwasiliana na nchi nyingi kuliko alizozipata mwaka mzima. Inabidi tu asikilize zaidi ya anavyoita. Wageni wengi hufanya kinyume: wanachagua sehemu moja ya bendi, wanaita CQ (mwito kwa yeyote anayesikia) mpaka koo linakauka, halafu lawama zote zinaiangukia antena.

Mfano nitakaotumia ni mashindano ya CQ World Wide DX (DX ni mawasiliano ya mbali), upande wa sauti, yaani SSB. Yapo tangu 1948, na wikiendi yake bendi za HF (mawimbi mafupi) hujaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Naamini una leseni na kolisaini yako (jina la kituo chako hewani) tayari. Kama huna, anzia kwenye mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Huku kwingine kote kutasubiri.

Hatua ya 1: Soma kanuni zote, si ukurasa wa kwanza tu

Sehemu ya sauti hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, na ya Morse wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba. Kuwa makini na kalenda. Mwaka 2026, Oktoba 31 ni Jumamosi, lakini Jumapili inayofuata tayari ni Novemba, kwa hiyo mashindano ya sauti ni Oktoba 24 na 25. Yanaanza saa 0000 UTC (saa ya dunia, ile ya Greenwich) Jumamosi na kwisha saa 2359 UTC Jumapili, saa 48 mfululizo. Hulazimiki kukesha zote.

Bendi ni sita: mita 160, 80, 40, 20, 15 na 10. Mita 30, 17 na 12 hazishindaniwi, kwa hiyo wasiopenda zogo hukimbilia huko.

Kisha chagua kundi. Nguvu ndogo ni hadi wati 100, QRP ni hadi wati 5, na nguvu kubwa ni hadi wati 1,500, ila leseni yako ikisema kidogo zaidi, leseni ndiyo inayofuatwa. Ukitumia orodha za mtandaoni zinazoonyesha nani anasikika wapi, unahesabiwa kuwa umesaidiwa, na huwezi kujiandikisha kwenye kundi la wasiosaidiwa. Lipo pia kundi la nyongeza liitwalo Rookie, kwa waliopata leseni miaka mitatu iliyopita au pungufu. Ukiwa na sifa hiyo, jiandikishe bila aibu.

Hatua ya 2: Elewa pointi zinatoka wapi

Hapa ndipo watu wanaposhindwa kabla hawajawasha redio. Ukimpata mtu wa bara jingine unapata pointi 3. Wa bara lako lakini nchi nyingine ni pointi 1 (Amerika Kaskazini wao kwa wao hupata 2). Wa nchi yako mwenyewe ni sifuri, ingawa anaweza kukupa kizidishi.

Kizidishi ndicho kitu chenyewe. Dunia imegawanywa katika zoni 40 za CQ. Kila zoni mpya na kila nchi mpya, kwenye kila bendi, ni kizidishi kimoja. Jumla ya pointi huzidishwa kwa jumla ya vizidishi.

Chukua mfano. Una QSO (mawasiliano yaliyokamilika) 100 za mabara mengine, zoni 20 na nchi 40: pointi 300 mara 60, sawa na 18,000. QSO nyingine ya kawaida ya pointi 3 inakufikisha 18,180. Lakini ikiwa ni nchi mpya, unafika 18,483. Ikiwa ni nchi mpya na zoni mpya kwa pamoja, 18,786. Kwa hiyo ukisikia kituo cha mbali chenye sauti hafifu, cha nchi na zoni ambazo hujazipata kwenye bendi hiyo, kina faida kuliko vinne vya kawaida vinavyopiga kelele jirani yake. Na kituo kilekile ukikipata tena kwenye bendi nyingine, kinahesabiwa upya.

Hatua ya 3: Antena na kelele

Dipoli ya waya, yaani antena ya mikono miwili inayolishwa katikati, inatosha. Urefu wake wote kwa mita ni takribani 143 ukigawanya kwa masafa ya MHz. Kwa 14.2 unapata kama mita 10, yaani mita tano kila upande. Kwa 7.1 ni kama mita 20, na dipoli hiyo ya mita 40 hufanya kazi pia kwenye mita 15, kwa sababu 21 ni mara tatu ya 7. Ukiwa na nafasi ya waya mmoja tu, funga huo. Uinue juu kadiri uwezavyo, ukae mbali na nyaya za umeme.

Siku chache kabla, fanya jambo ambalo wengi hulipuuza. Washa redio, sikiliza sehemu isiyo na mtu, kisha zima chaja, taa za LED na vifaa vingine vya nyumbani kimoja kimoja. Tazama sindano ya S, inayopima nguvu ya mawimbi unayoyapokea. Chaja moja mbovu ikizimwa, sindano yaweza kushuka kutoka S7 hadi S3, na vituo ambavyo hukujua vipo vinaanza kujitokeza. Hakuna kipaza nguvu kitakachokupa hilo.

Hatua ya 4: Kompyuta

Tumia programu ya logi (orodha ya QSO zako) ya mashindano, si daftari. N1MM Logger+ ni ya bure kwenye Windows na inayajua mashindano karibu yote. Chagua jina la shindano, jaza kolisaini, zoni yako na kundi lako, kisha ingiza QSO chache za uongo uone kama pointi zinahesabiwa sawa. Zifute kabla ya kuanza!

Saa ya kompyuta iende na UTC. Logi yako italinganishwa na za wengine, na saa iliyopotea itakuletea matatizo ambayo hukuyatafuta. Hakikisha pia programu inasoma masafa kutoka kwenye redio. Usipounganisha redio na kompyuta kwa waya, utajikuta umeandika mita 20 wakati ulishahamia 15.

Hatua ya 5: QSO yenyewe

Anza na kuwinda. Panda bendi polepole kutoka chini kwenda juu, simama kwa kila anayeita CQ. Usimwite kabla hujaipata kolisaini yake yote. Sema yako mara moja, kwa alfabeti ya kimataifa (Alfa, Bravo, Charlie...), kisha kaa kimya. Chukua mfano wa 4U1ITU, kituo cha makao ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, mjini Geneva. Akimaliza CQ, unaitaja kolisaini yako tu, yake anaijua. Anarudi: kolisaini yako, "five nine, one four". Unajibu: "five nine, three seven", kama uko zoni 37 ya Afrika Mashariki. Anasema "thank you", na tayari anaita mwingine. Yote hayo ni sekunde kumi hivi. Hakuna hali ya hewa wala habari za antena yake.

Ripoti ya mawimbi kwenye mashindano ni 59 daima, hata kama humsikii vizuri. Ni mazoea ya ajabu, lakini usiyapige vita. Kinachobeba maana ni namba ya zoni.

Namba hiyo itaje tarakimu moja moja. "Fourteen" na "forty" kwenye kelele havitofautiani, na zote mbili ni zoni halali: 14 ni Ulaya Magharibi, 40 ina Iceland na Greenland. Na usiiachie programu ikubunie zoni. Hujaza yenyewe kwa kutazama kolisaini, lakini Marekani ina zoni 3, 4 na 5, China ina 23 na 24, Australia 29 na 30, na Mmarekani anaweza kuhama jimbo akabaki na kolisaini ileile. Kilichosemwa hewani ndicho kinachoandikwa.

Akikosea kolisaini yako, msahihishe kabla ya kutoa ripoti, na rudia herufi aliyokosea tu. Akiuliza sehemu fulani, mpe hiyohiyo. Ukimpa hadithi nzima, msongamano ulio nyuma yako utakufunika. Na ikiwa anauliza herufi ambazo si zako, nyamaza: anamtafuta mwingine.

Hatua ya 6: Fuata jua

Mchana, mita 10 na 15 hubeba mbali kama jua lina madoa ya kutosha, na hasa kuelekea upande ambao nako ni mchana. Mita 20 ndiyo tegemeo, hudumu hata jioni. Mita 40, 80 na 160 ni za usiku, kwa kuwa tabaka la D la anga la ioni huyameza mawimbi yake mchana na hutoweka jua likizama. Usikose nusu saa za macheo na machweo kwenye bendi hizi za chini. Vituo vya mbali sana huibuka kwa muda mfupi kisha hufifia.

Bendi ikianza kukuletea watu walewale tu, hama.

Hatua ya 7: Ukitaka kuita CQ mwenyewe

Subiri mpaka Jumapili. Wenye vituo vikubwa watakuwa wameshawamaliza waliokuwa wakisikika, na sauti mpya inatafutwa. Nenda sehemu ya juu ya bendi, sikiliza, uliza mara mbili kama masafa yanatumika, ndipo uite. Epuka 14.300 na majirani zake, kwani ni masafa ya mawasiliano ya dharura. Kumbuka pia kwamba kwenye USB (upande wa juu wa SSB, si waya wa kompyuta) sauti yako hukaa juu ya masafa yanayosomeka: ukiweka 14.349 umeshatoka nje ya bendi. Kwenye mita 40, Wamarekani huruhusiwa sauti kuanzia 7.125, na Ulaya na Afrika hukomea 7.200, kwa hiyo kipande hicho kidogo ni vita tupu. Kwa wati 100, usikipiganie.

Punguza maikrofoni mpaka ALC (kidhibiti cha nguvu inayotoka) itulie. Sauti iliyopasuka haiendi mbali zaidi, inawasumbua tu jirani wa pande zote mbili.

Hatua ya 8: Tuma logi

Una siku tano tu, hadi saa 2359 UTC ya Ijumaa. Programu itatengeneza faili la Cabrillo, ambalo ni maandishi ya kawaida. Lifungue ulitazame kabla ya kulipakia: mstari wa CALLSIGN, wa CATEGORY-POWER, kisha mistari ya QSO yenye masafa, tarehe, saa, kolisaini na zoni. QSO zilizojirudia ziache zilivyo. Haziadhibiwi, na mwenzako huenda anaihitaji ile ya pili.

Usianze kusafisha logi kwa kukisia. Kolisaini unayoitilia shaka haisahihishwi kwa kupekua mtandao baada ya mashindano, kanuni zinakataza. Waandaaji hulinganisha logi zote kwa kompyuta, na QSO isiyolingana huondolewa, mara nyingine pamoja na pointi za adhabu.

Matokeo yakitoka, omba ripoti ya ukaguzi wa logi yako. Inaonyesha kila kolisaini uliyokosea na iliyopaswa kuandikwa. Ipange kwa saa, kisha kwa herufi. Makosa yakirundikana saa za alfajiri, mwaka ujao panga kulala wakati huo. Yakirundikana kwenye B, D na V, tatizo liko kwenye hedifoni au kichujio cha redio, na hilo lina muda wa kutosha kurekebishwa kabla ya Machi, wikiendi kamili ya mwisho, mashindano mengine ya CQ, WPX ya sauti, yanapoanza.